Nyigu, Moja kwa Nane

4 Machi

Kwa binti yangu,

Nakusalimu kwanza, kisha nauliza kifua chako: kile kikohozi kimekuachia? Mimi mzima, ila magoti yangu yanasikika mlangoni kabla mwenyewe sijafika. Tangu mama yako atutoke, nyumba hii ina nafasi kubwa mno, na mstaafu asiye na kazi ni kama jogoo aliyepoteza saa, anawika tu na hakuna anayeamka. Basi nimejitafutia kazi.

Nataka kumtengeneza Nyigu. Sisemi kumchora. Nasema kumtengeneza, kipuri kwa kipuri, kwa kipimo cha moja kwa nane, akae juu ya meza yetu ya kulia. Bodi nitaikata kwenye makopo ya maziwa, spoki zitatokana na nyuzi za gita. Wewe hukumwona Nyigu. Lilikuwa gari la mashindano la kaka yangu, baba yako mkubwa. La njano, jembamba, na jina lake lilitokana na mlio wake. Fundi wake nilikuwa mimi. Enzi zile fundi alipanda pamoja na dereva, akipampu mafuta kwa mkono na kuchungulia magurudumu njia nzima. Siku ya shindano kubwa kuliko yote, kaka yangu alimpakia fundi mwingine, mtu mwepesi kuliko mimi. Wakashinda. Mimi nikahama mji, na tangu hapo hatujaandikiana hata neno.

Gari analo bado, kwenye gereji ya nyumba yake, huko huko mjini kwako. Wewe kutwa unapima miwani ya watu, mkono wako hautetemeki. Chukua kalipa niliyokupa ulipoanza kazi, kile kipimio cha chuma chenye taya mbili, nenda ukanipimie. Usiseme aliyekutuma.

Baba yako


22 Machi

Shikamoo Baba,

Kifua kimepoa, namshukuru Mungu. Hayo magoti usiyafanyie mzaha, nenda yakaangaliwe.

Nimekwenda. Baba Mkubwa alinifungulia mwenyewe. Ni mrefu kama wewe lakini amekauka, ana mrija puani, na nyuma yake anakokota mtungi wa hewa kwenye kitoroli, kama mtoto na gari lake la kuchezea. Nilimdanganya kwamba naandika habari za magari ya zamani. Hakunitazama usoni, alinitazama mkononi. "Kalipa hiyo ni ya mdogo wangu," akasema. "Ina pengo pale alipoiangusha." Akanipisha nipite, hakuuliza tena.

Gereji ina dirisha moja na harufu ya oili iliyolala. Nyigu amefunikwa shuka la kitanda. Nilipima, Baba Mkubwa amekaa kwenye kiti chake, na mara nyingi alinitajia kipimo kabla sijakisoma. Vipimo vyote viko kwenye karatasi ya pili. Nilipokuwa naaga aliniuliza kama bado unapiga mluzi ukishika tupa kusugua chuma. Nikamwambia ndiyo, na majirani wanalalamika.

Jambo moja dogo. Nilipolirudishia shuka, boneti lilikuwa na vuguvugu. Anasema halijawashwa tangu sijazaliwa. Labda ni jua la dirishani.

Binti yako


19 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Mimi sijambo, na vidole vyangu vimepata ujana ambao miguu imeukosa.

Vipimo vyako havina hata chembe ya kosa. Nimemaliza usukani: nimepinda waya, nikauvisha ngozi ya ulimi wa kiatu changu cha harusi. Kioo cha pembeni nimekikata kwenye kile kioo kidogo cha poda cha mama yako, najua asingekasirika. Nimevibandika vyote viwili, na vimekaa kana kwamba vilizaliwa pale. Sasa nataka mikunjo ya eksozi, inapoanza na inapogeukia. Nichoree.

Huyo mzee anakula vizuri? Usimwambie nimeuliza.

Baba yako


3 Mei

Shikamoo Baba,

Huku tu wazima wa mwili. Mchoro wa eksozi nimeuambatanisha. Lakini soma na haya ukiwa umekaa.

Usukani wa Nyigu haupo. Kioo cha pembeni nacho hakipo. Kufuli la gereji ni zima, dirisha zima. Hakuna nati iliyofunguliwa wala chuma kilichokatwa. Pale usukani ulipokaa, mhimili umeishia laini, kama kidole kisichowahi kuota kucha. Na vumbi la kwenye kiti limelala vile vile, halijaguswa na mtu.

Mama anayemhudumia Baba Mkubwa alinisimamisha getini akataka nifungue mkoba. Sikumlaumu, mgeni wa nyumba ile ni mimi peke yangu. Nilifungua, nikaona haya kama mwizi kweli. Baba Mkubwa akamkataza kwa sauti ndogo: "Mwache. Huyu hachukui. Huyu anapima tu."

Baba, vilivyopotea ni vile vile viwili ulivyoniandikia. Nisamehe kwa swali la kitoto. Ulivibandika lini?

Binti yako


20 Mei

Mwanangu,

Salamu kwanza. Pili, wezi. Chuma cha zamani kina wanunuzi, na mama huyo anayekagua mikoba ya watu ningeanza kukagua wake.

Eksozi tayari, na boneti na mikanda yake ya ngozi nimelibandika juzi.

Hayo ndiyo niliyotaka kukuandikia, kisha niishie hapo. Lakini swali lako lilinikaa kama mwiba wa samaki, halipandi halishuki. Vyote viwili nilivibandika wiki ile niliyokuandikia, na ulipokwenda tena ukakuta havipo. Basi leo nimeking'oa kile kioo. Gundi yangu haina msamaha; kimetoka, lakini kimepasuka kutoka pembe hadi pembe. Nimekiweka kwenye kisahani. Nenda ukaangalie, kisha uniandikie kwamba mimi mzee nimeanza kuzeeka akili, tucheke wote.

Baba yako


2 Juni

Shikamoo Baba,

Hatutacheka.

Kioo kimerudi. Nilikikuta sakafuni, chini ya pale kilipokuwa, kimepasuka kutoka pembe hadi pembe. Eksozi haipo. Boneti halipo, na ukisimama mbele ya gari unaiona injini yote iko wazi.

Baba Mkubwa aliinama kwa shida akakiokota, akajitazama vipande viwili. Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia yote: meza ya kulia, makopo ya maziwa, kioo cha poda cha mama. Nilidhani ataniita mwendawazimu. Alikifuta kile kioo kwa mkono wa shati. Kisha akasema, "Mwambie asivunje tena. Aendelee." Na nilipofika mlangoni akaongeza, "Mwambie pia gari haliendi bila dereva."

Nikamuuliza ana maana gani. Akagonga mtungi wake kwa ukucha. "Hiki ndicho ninachoendesha siku hizi, binti yangu. Nimechoka kukiendesha."

Najua umeelewa, kama nilivyoelewa mimi. Nakusihi, Baba. Tengeneza magurudumu, tengeneza taa, malizia rangi kama huwezi kuacha. Lakini usitengeneze mtu.

Binti yako


11 Agosti

Mwanangu mpenzi,

Nisamehe kimya. Barua zako zote ziko hapa mezani na nimezisoma zaidi ya mara moja. Mwili wangu mzima, sina cha kulalamika.

Nyigu amekamilika. Ana spoki zake zote, ana redieta, ana njano ile ile ambayo niliichanganya mara chungu nzima kabla haijakubali. Uliandika kwamba kwenye gereji kimebaki kivuli cha oili tu sakafuni, na kwamba kaka yangu anakaa akikitazama kutwa, kama mtu anayetazama uwanja baada ya watu kutawanyika. Barua hiyo ndiyo iliyoniponza. Nikauchukua udongo wa kuchongea.

Nilijiambia nafanya kiwiliwili tu. Nikakiweka nyuma ya usukani bila kichwa, na kila nilipopita pale nikageuza shingo. Kisha ikaja ile barua uliyosema mtungi haumtoshi tena, anaamka midomo imekuwa ya bluu, na kwamba aliuliza, "Panya hajambo?" Mwanangu, Panya ni mimi. Ni yeye aliyenipa jina hilo, kwa sababu niliweza kupenya popote chini ya gari. Hakuna aliyeniita hivyo tangu nilipohama.

Basi nikachonga kichwa. Nilikusudia mzee, kama unavyomweleza. Mkono ukakataa. Ikatoka sura ya kijana, miwani ya vumbi ameisukumia kwenye paji la uso. Asubuhi hii nimempaka rangi jicho la pili.

Nenda ukamwone. Ukimkuta, mwambie Panya hana kinyongo.

Baba yako


16 Agosti

Baba, shikamoo.

Sikumkuta. Mtungi uko kando ya kiti, bado unatoa hewa, na mrija umening'inia. Blanketi limekunjwa. Kandambili zake zimepangwa sambamba, vidole kuelekea pale gari liliposimama. Mama anayemhudumia alikuwa amekaa kwenye mlango wa gereji akimenya viazi, na anaapa hakuna aliyempita. Sakafuni hata alama ya oili haipo. Saruji ni nyeupe kama iliyomwagwa jana.

Polisi wameniuliza maswali, na kesho wataniuliza tena. Wakiniachia tu, napanda basi.

Kile kiti cha pili, Baba. Kiache. Usishike brashi mpaka nifike. Mimi sina mwingine.

Binti yako


19 Agosti

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Pole kwa polisi, na pole kwa kandambili. Najua hazitakutoka machoni.

Nisikilize. Nilimkalisha akitazama barabara, mikono kwenye usukani. Leo asubuhi nimekuta ametazama kushoto, kwenye kiti kitupu, na amesogea kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake. Hakuniita. Angeniita, ningekataa, unanijua kwa ubishi. Amesogea tu.

Usinilaumu kwamba sikukungoja. Ungefika ungenishika mkono, na mimi mkono wangu ukishikwa na wewe haufanyi kazi nyingine. Wewe si mtoto tena. Una kazi, una akili, una watu wanaokupenda hata kama hutaki kuwataja kwa baba yako. Yeye ana gari lisilo na fundi.

Ufunguo uko kwa jirani, fundi viatu. Ukifika, kula kwanza.

Nimebakiza jicho moja.

Baba yako


28 Agosti

Shikamoo Baba,

Sijui salamu hii inafika wapi, lakini sikufundishwa kuanza barua bila salamu.

Naandika nikiwa mezani kwako. Nilifungua kwa ufunguo wa fundi viatu, na nikala kwanza, kama ulivyotaka, nimesimama jikoni, nikiogopa kuingia chumba cha pili. Brashi ilikuwa imesimama kwenye kopo la tapentaini. Kiti chako kilikuwa kimesukumwa nyuma, kama cha mtu aliyekwenda kufungua mlango.

Mko wawili. Wewe uko kushoto, mkono kwenye pampu, na wote mnacheka hadi meno yanaonekana. Katika maisha yangu yote sijawahi kukuona ukicheka hivyo. Hilo ndilo lililoniliza, si lile jingine.

Nilitaka kukutoa. Nilikushika begani kwa vidole viwili, na nilipoanza kuvuta nikahisi gundi imeshika, nikakumbuka kilichokipata kioo cha mama. Nikaachia.

Watu wanauliza uko wapi. Nimewajibu kwamba umesafiri na kaka yako, na kwamba mmepatana. Fundi viatu amefurahi sana. Anasema alikuwa akisikia mluzi wako hata asubuhi ile ya mwisho.

Vumbi lilianza kutua machoni mwenu na hamkupepesa. Nikaenda kwa fundi vioo, akanitengenezea sanduku la kioo la kuwafunika. Niliwafunika jana jioni. Leo nilipoamka, kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani, mahali pawili, mbele ya nyuso zenu.

Nimechomeka njiti ya kiberiti chini ya ukingo, hewa ipate kuingia. Kama haitoshi, nionyesheni.

Binti yako