Kiti Changu Ofisini

Mjukuu wangu Zamu,

Huku Walukuba dada yako amejifungua salama, na majirani wote nimeshawaambia kuwa una ofisi yako ya ushauri wa masomo Mbale.

Umeuliza ufanye nini wazazi wakija wakamtafuta mshauri mwanamume. Nilipokuwa mshauri wa masomo hapo hapo Mbale, mzee mmoja wa Nakaloke alimleta bintiye. Nilipiga magoti kumwamkia, kama sisi wanawake tulivyolelewa. Akauliza, "Mama, bwana wa ofisi yuko wapi?"

Nikainuka, nikakaa kwenye kiti changu. "Ni mimi, mzee. Binti anapenda kusoma nini?"

Akamgeukia bintiye, maana hakuwahi kumuuliza. Binti akajibu mwenyewe: "Fizikia."

Mwaka uliofuata mzee alirudi na binti wa pili. Kabla sijapiga magoti, akanizuia. "Kaa kwenye kiti chako, mwalimu. Huyu naye muulize."

Jaja wako