Wafaransa Huku, Wamarekani Kule

Mjukuu wangu Nasra,

Pokea salamu za huku Deira, Dubai. Mama ameshapona, alhamdulillahi. Nimekuzidi miaka minne tu, lakini kwa ukoo mimi ni bibi yako, basi nikujibu: nilipataje kazi na haya zangu hizi?

Siku yangu ya majaribio katika kampuni ya kuandaa hafla, chama cha wafanyabiashara kiliwaalika Wafaransa na Wamarekani wapate kushirikiana. Nikawaketisha kama harusini kwetu, kila ukoo upande wake. Wakazungumza wenyewe kwa wenyewe.

Madam wangu, Mzanzibari, akaninong'oneza, "Yalla, fanya hima, mwanangu! Hawa hawakuja kula pilau, wamekuja kujuana!"

Nikajikaza, nikamwomba Mfaransa mmoja ahamie kwa Wamarekani. Akacheka, akabeba kiti chake. Wenzake wakamfuata, na jioni ile nikapewa kazi.

Namshukuru Madam kwa kule kuninong'oneza. Angepaza sauti, ningekimbia nisirudi.

Bibi yako mdogo,
Rukia