Kinga ya Désiré

Point, Durban
Tarehe 9 Julai 2015

Kwako mdogo wangu mpendwa Agathe,

Pokea salamu zangu, nawe umpe shemeji Dominiki sehemu yake, ila barua hii uisome kwanza peke yako. Hapa ni majira ya baridi. Mifupa inanikumbusha umri wangu, lakini nakula na kupumua. Natumaini mguu wako uliovimba umepata nafuu, na ziwa halijabomoa tena ukuta wa jikoni.

Umeniuliza mara nyingi Désiré yuko wapi, nami nimekujibu kwa maneno ya kuzunguka. Mwezi wa nne, wageni walipowindwa katika mji huu, watu wenye mapanga na nyundo walivunja duka la simu alikofanya kazi mwanao na rafiki yake Cédric. Cédric alikatwa shingo, akafia juu ya kaunta. Désiré hakuonekana, hai wala maiti. Nilikwenda mochwari nikafunua mashuka ya wana wa wenzetu. Nilimtafuta uwanjani, chini ya mahema ya waliofukuzwa. Hatimaye Élisabeth wa saluni akaniambia kwamba alimwona akipanda taxi ya kaskazini, shati lote damu.

Basi nilichukua kinga yake, ile baiskeli aliyoiacha chumbani mwangu, nikaondoka peke yangu. Steve, tunayelinda naye magari Morningside, aliniuliza kama nakwenda kushindana na wale Wazungu wa kaptula za kubana. Nilimjibu kwamba ndani ya taxi lazima useme unashukia wapi, na siku hizo lafudhi ilitosha kukuua. Juu ya kinga hakuna anayekuuliza.

Nilijidanganya. Niliendesha kati ya mashamba ya miwa, malori ya magogo yakinisukumia mtaroni. Dereva mmoja alinirushia chupa, ikapasuka begani. Nilipoonyesha picha ya Désiré madukani, watu walitikisa kichwa; hata jina lake hawakuweza kulitamka.

Kupita Mtubatuba, kwenye njia ya vumbi, vijana wenye marungu walinizuia wakaniuliza nimebeba nini. Agathe, Kizulu cha kujibu swali hilo ninacho. Lakini hofu ilinirudisha Kalemie, nikasema kama kwetu: kinga, ni kinga tu. Kumbe kwa Kizulu chao inkinga ni shida, ni balaa. Walicheka. Mmoja akasema, eish, mkhulu, yaani babu, ametuletea balaa, basi tumrudishie lake. Rungu la kwanza lilining'oa meno ya mbele. Nilipoanguka walinikanyaga mbavu, wakanichapa mgongoni kwa mnyororo, huku mimi nimeng'ang'ania gurudumu nikilia kinga yangu, kinga yangu.

Bibi mmoja, gogo kama wanavyowaita huku, alitoka nyumba ya jirani na jembe. Alimpiga kiongozi wao kwa mpini hadi sikio likachanika; alikuwa mjukuu wake mwenyewe. Aliwafokea kwamba mzee anawaambia ana shida, nao wanamwongezea! Alinisafisha mdomo kwa maji ya chumvi, akaniuliza hiyo shida yangu ni ipi. Nikamwonyesha gurudumu. Akaacha kunifuta. Akasema yuko kijana Mkuze, mtengeneza baiskeli, aliyefika na damu nguoni akizigusa baiskeli na kutaja neno hilo hilo, akiomba kazi. Watoto wamempa jina: Inkinga.

Nilimkuta nyuma ya duka la mbolea, amekonda. Hakunikumbatia. Aliichukua kinga kwanza, akakagua mnyororo, ndipo akaniita tonton, mjomba, na kulia.

Aliniambia aliyoyafanya. Alimpiga mmoja wa wale wavamizi kwa nondo ya mlango. Pigo la kwanza lilikuwa la kumwokoa Cédric. Yaliyofuata, alisema, hajui yalikuwa ya nani, ila hakuweza kuacha. Kofia ilipomtoka yule mtu, Désiré alimtambua: kijana aliyekuwa akinunua vocha kwake na kumwita bhuti, yaani kaka. Alikuwa amekwisha kufa.

Aliniomba nikuandikie kwamba alikufa dukani pamoja na Cédric, ili umlilie mtoto safi. Aliniapisha kwa kaburi la mama yetu. Niliapa, nikamwachia kinga yake, nikarudi kwa taxi. Mdomo ulivyovimba, hakuna aliyetaka niseme. Nilionyesha kidole tu.

Njia nzima nilikitunga kifo chake, nikakipanga vizuri. Lakini nilipokaa hapa kuandika neno marehemu, niliiona mikono yake nyeusi kwa grisi ikikagua mnyororo.

Nimevunja kiapo, na mama atanidai nikifika aliko. Mwanao ameua mtu, Agathe, naye yu hai. Usimwekee matanga. Siku ukipata wa kumtuma, asiulize jina ulilompa, huko hawalijui. Aulize Inkinga.

Ukimaliza, ichome karatasi hii jikoni, kisha uwasalimie wote wanaonikumbuka.

Kaka yako,
Vénérand