Mume Wangu Mwanasiasa Ametulia Mno

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana akili yangu imefika mwisho na hapa kwetu Kansas magharibi sina wa kumwambia, kila ninayekutana naye dukani au kanisani ana upande wake. Mume wangu, nimwite Delmar, amekuwa mjumbe wa bunge la jimbo kwa miaka ishirini, mhafidhina wa kweli, hajawahi kupandisha kodi wala kugusa bunduki za watu, na huku kwetu walikuwa wanampenda kweli. Mwaka huu hospitali yetu ndogo ilikuwa inakufa, akapiga kura na wapinzani ili maskini wapate bima na hospitali ipumue, ni kura hiyo moja tu, na muswada wenyewe ukaanguka, hospitali ikafungwa vilevile, lakini chama hakikumsamehe. Kwenye kura ya mchujo ya chama wakamletea mpinzani, Trent, aliyekuwa msaidizi wake mwenyewe, wakatujazia sanduku la posta vipeperushi vyenye sura ya Delmar na neno MSALITI, na mwezi wa nane akashindwa vibaya.

Kinachoniua zaidi ni mwanetu Kurt. Alisimika bango la Trent mbele ya nyumba yake. Delmar akasimamisha gari, mimi niko pembeni, akamwuliza, "Kurt, hilo bango nani kakuwekea?"

"Nimeliweka mwenyewe, baba. Umetuuza."

"Mkeo alijifungulia hospitali ile ile."

"Basi tutaendesha gari mpaka mjini kama wengine. Si wewe uliyenifundisha mtu asiyumbe?"

Delmar akapandisha kioo tukaondoka, na tangu siku hiyo hajataja jina la mwanawe. Sasa Sikukuu ya Shukrani inakuja, Kurt anataka kuja na watoto, na Delmar kasema wakiingia wao, yeye anatoka. Afadhali siku hizi ametulia, hagombi, anashinda kwenye gereji ya nyumbani akisafisha bunduki zake, mbwa wake wa kuwindia kware amempa jirani, na jana akanionyesha namna ya kuwasha mashine ya kupasha nyumba joto, akasema, "Utahitaji kujua." Kwa utulivu huo nashukuru. Niambie, nimfungie mlango mwanangu, au nimwache mume wangu aondoke?

Mama Niliyepasuka Katikati

*

Dada yangu, hukuacha namba ya simu, ndiyo maana nimeomba barua yako isomwe hewani kabla ya zote.

Achana na habari ya bata mzinga wa sikukuu na nani akae wapi mezani. Umenielezea bango kwa kirefu, halafu jambo la kutisha ukalitupia mwishoni na shukrani juu yake. Mwanamume anayempa jirani mbwa wake na kukufundisha kuishi bila yeye, huyo hajatulia. Anaaga! Miaka ishirini umetabasamu pembeni yake kwenye mikutano mpaka umezoea kuona kila kitu kiko sawa. Acha hiyo leo.

Muulize waziwazi, "Delmar, unafikiria kujiua?" Usizunguke. Kumwuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Mwite huyo jirani aje achukue bunduki zote, isibaki hata moja, hata ya kwenye gari. Piga 988, namba ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, watakuongoza. Na Kurt mpigie, umwambie hivi: "Sikuiti tujadili siasa. Baba yako yuko hatarini, njoo utupeleke kwa daktari." Daktari sasa yuko mbali, najua, na nyote mnajua kwa nini.

Sitakudanganya kuhusu mengine. Chama hakitamrudia. Wale waliokuwa wanampigia simu kila asubuhi hawatapiga. Kurt huenda asibadili msimamo, na sikukuu hii mkala kila mtu kwake, na ijayo pia. Sina dawa ya hilo, na anayekuambia anayo anakuuzia uongo. Hayo tutayalia pamoja, lakini akiwa hai.

Hata akikufokea, usimwache peke yake. Zima redio sasa hivi, dada. Nenda kakae naye.