Walihesabu Akai Amekubali

Kakuma

Esekon mwanangu,

Ejok, u mzima? Mbuzi wako ejok? Na kifua cha mke wako kimetulia, au bado anakaa kwenye moshi niliomkataza? Mimi nakula, natembea, nauza maziwa yangu kwenye kambi ya wakimbizi. Usiniulize zaidi ya hapo. Tangu tumzike Akai huko Kalemng'orok sijapata hata salamu yako, na mimi sikukulea hivyo.

Nina habari ya mtoto wako. Kaa chini uisome yote.

Ulikuwa ukisema Akai anachezea kompyuta. Hakuwa anacheza. Kuna lugha ambayo watu huitumia kuiambia kompyuta ifanye kazi, na lugha hiyo haina mwenyewe. Ni kama kisima tunachochimba kwenye laga, mto ukishakauka. Wanaokunywa ni wengi, wanaoshuka kutoa mchanga ni wachache, na hakuna anayewalipa. Akai alikuwa mmoja wa wanaoshuka. Alitengeneza kipande cha kuvuta vitu kutoka mtandaoni, na mtandao ukikatika, kinaendelea pale kilipoachia badala ya kuanza upya. Wewe unaujua mtandao wa huku. Kipande hicho alikichunga yeye. Kikiharibika anakitengeneza, na mtu akileta marekebisho anayakagua kabla hayajaingia.

Juzi akaja Nyandeng, yule msichana mrefu wa Sudan Kusini aliyesoma kompyuta pamoja na Akai. Akasimama mlangoni.

"Inama uingie," nikamwambia. "Nyumba yangu haikujengewa twiga."

Hakucheka. "Haboba," akasema, ndivyo wanavyomwita nyanya kwao, "kile kipande cha Akai wamekitoa."

"Nani amewapa ruhusa?"

"Akai."

"Akai yuko chini ya mawe."

"Wao hawajui, haboba."

Akanieleza desturi yao. Mtu akitaka kubadilisha jambo, analiweka mahali pa wazi ambapo wote wanasoma. Mwenye pingamizi analitoa na sababu zake. Siku walizopanga zikiisha na hakuna aliyepinga, wanahesabu wote wamekubali. Sasa mmoja wao alisema kipande cha Akai ni mzigo tu, maana kwao mtandao haukatiki. Wakamngoja mchungaji wake aseme. Mchungaji wake alikuwa hospitalini, mimi namlowesha midomo kwa kitambaa, kwa sababu kumeza kulikuwa kumemshinda. Wakahesabu amekubali.

Nilimshika Nyandeng mkono tukaenda kwenye kompyuta. Nikamwambia aandike ninavyosema, asinipambie. Aliandika: Mimi ni nyanya yake. Akai hakuwakubalia chochote, alikuwa anakufa. Mtu mliyezoea kumsikia kila siku akinyamaza, hamtumi mtu kwenda kuangalia kama jiko lake linatoa moshi?

Walijibu siku hiyo hiyo. Mzee wao, yule mwenye neno la mwisho wengine wakishindwa kuelewana, alisema, "Bibi, hatukuuliza. Tulipaswa kuuliza." Mwingine alisema hakujua hata kama Akai ni mwanamke. Alimjua kwa ukali tu. Ukileta kazi mbovu, anakurudishia na kukuonyesha palipooza, bila tusi. Hapo nililia, Esekon. Ukali huo ni wa nyumba yetu.

Wakakirudisha kipande. Lakini wakasema kitu kisicho na mchungaji hakikai, na wakauliza nani atakichukua. Tukangoja. Nilimwangalia Nyandeng. "Ningekuwa naweza, haboba," akasema. "Mimi najua kukitumia. Yeye ndiye alijua kilivyo ndani." Hakuna mtu aliyejitokeza. Waliponiuliza kama napinga kutolewa kwake, niliwaambia wakitoe. Mwenye kisima akifa, mchanga haungoji matanga. Niliwaambia kwa mdomo wangu, Nyandeng akaandika, ili mtu asije akasema nilinyamaza.

Limebaki neno moja, nalo ni lako. Wanataka jina lake libaki kwenye orodha ya walioijenga ile lugha, daima. Wanaomba ruhusa ya familia. Mimi nimewaambia baba yake yupo.

Najua ulimkasirikia alipokataa kurudi nyumbani kuolewa. Alikuandikia sababu zake, hukumjibu. Yeye akaniambia, "Baba hajapinga, nyanya, basi amekubali," na alifurahi siku nzima, akaninunulia sukari. Alikuwa amekaa sana na wale watu wake. Mimi nilijua baba wa Kiturkana akinyamaza maana yake ni nini, nikashindwa kumharibia sukari yake.

Jina alilotumia huko ni Akai Esekon. Watu wa nchi ambazo hutafika walikuwa wakilitaja jina lako kila siku, wakati wewe hulitaji lake.

Msalimie mke wako, aache moshi. Msalimie dada yako wa Kanamkemer, mwambie shuka alilonitumia ni jepesi kama utando wa buibui lakini nalala nalo. Na yule mzee jirani aliyechimba kaburi, mpelekee tumbaku. Sikumshukuru siku ile, sikuwa namwona mtu.

Esekon, niandikie ndiyo au hapana. Hata hapana nitaipeleka. Ukikaa kimya, wale watahesabu umekubali, na jina litabaki. Lakini mimi ndiye niliyekuzaa, na sitakuwa nimesikia kitu.

Ni mimi mama yako,
wa Kakuma, ambaye masikio yake bado yanafanya kazi.