Siku Nne za Eda na Hati ya Kurudia Toronto

Chukwani, Unguja,
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa Dada Rawiya,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo. Vipi hali yako, na ujauzito unakwendaje? Mama anauliza kama miguu bado inavimba, na anasema usisimame sana jikoni. Shemeji Jamil hajambo? Sisi huku hatujambo sote, alhamdulillahi. Mimi nimo kidato cha tatu na najitayarisha kwa mitihani ya mwisho wa mwaka.

Nakuandikia kwa sababu mama yako, Mama Mkubwa, ameniomba. Kila ulipomuuliza kwenye simu kuhusu karatasi zake, tulikujibu kuwa zinashughulikiwa. Ilikuwa kweli, lakini si kweli yote. Hakutaka uingiwe na wahka katika miezi ya mwisho. Sasa amesema nikueleze mimi, kwa sababu akieleza mwenyewe atalia, na nisipunguze kitu.

Unajua kuwa yeye na marehemu Baba Mkubwa walikuja kutoka Toronto Februari wakae mpaka Mei tu. Kadi yake ya ukaazi wa kudumu wa Kanada ilikuwa inamaliza muda wake mwezi wa Juni, kwa hiyo hakuna aliyeishughulikia. Wangerudi na kuomba nyingine hukohuko. Baba Mkubwa alipofariki alfajiri ya tarehe 29 Aprili, Mungu amrehemu, Mama Mkubwa aliingia eda katika nyumba hii, na kadi ikamaliza muda wake yeye akiwa ndani. Mama alinileta nikae naye, na mpaka leo nalala huku.

Kumbe pasi peke yake haitoshi. Mkaazi wa huko ambaye kadi yake imekwisha hapandishwi ndege mpaka awe na hati maalumu ya safari ya kumrudisha, na hati hiyo huombwa akiwa bado yuko nje. Mjomba Hamad ndiye aliyejaza fomu zote. Zilitakiwa nakala za kurasa za pasi na ushahidi kuwa katika miaka mitano iliyopita ameishi huko siku za kutosha. Zile karatasi za kodi ulizotuma zilisaidia sana.

Picha zilitusumbua kidogo. Mama Mkubwa hakutaka kutoka, basi Fathiya, yule mpiga picha wa Mlandege, alikuja mwenyewe akatundika shuka nyeupe mlangoni. Lakini ushungi wa eda nao ni mweupe, na picha ilipotoka ukaonekana uso tu, kichwa hakina mwisho. Ilibidi arudi siku ya pili na kuazima ushungi wangu wa skuli.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Miadi ya kupeleka fomu hizo ilitoka ya tarehe 4 Septemba, Dar es Salaam, aende mwenyewe na pasi yake. Mjomba alichukua kalenda ya ukutani, akahesabu miezi minne na siku kumi tangu kifo, akatia duara tarehe 7 Septemba. Miadi ilikuwa imeingia ndani ya eda. Akaomba siku nyingine, na jibu likawa siku iliyo wazi ni tarehe 7 Oktoba. Wewe unatarajia kujifungua wiki ya kwanza ya Oktoba. Kila mtu humu ndani alilijua hilo.

Mama alijaribu kumshauri aende tu, kwa kuwa mwenye eda anaruhusiwa kutoka akiwa na dharura. Mama Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimeishi na Nasser miaka thelathini na minane. Siku nne ndizo zinishinde?" Mama hakulirudia tena.

Siku chache baadaye nilikuwa nikitia alama tarehe za majaribio yangu katika kalenda ileile. Chini ya kila tarehe kubwa imeandikwa ndogo, ya Kiislamu. Nikaona kuwa tarehe 29 Aprili ilikuwa mosi ya mfungo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Nikahesabu miezi minne kwa tarehe ndogo, nikaongeza siku kumi. Zilimalizika magharibi ya tarehe 3 Septemba.

Nilimwambia Mjomba. Akanitazama akasema, "Mimi nshazika wazee wanane na kuwatoa eda wake zao. Wewe umemtoa nani?" Jioni nilimuuliza Maalim Mwanakheri anayenisomesha Qur'ani chuoni. Alihesabu kwa pingili za vidole, akarudia mara mbili. "Mwambie Hamad," akasema, "eda haihesabiwi kwa Aprili na Mei." Nilipoufikisha ujumbe, Mjomba alihesabu upya kwenye kalenda. Kisha akauliza kama huyo mwalimu wangu wa hesabu, yaani Maalim, ana mume. Tafadhali usimlaumu. Alikuwa bado hajaiachia ile miadi ya kwanza, na tangu alipojua kosa lake hakulala vizuri.

Hata hivyo ilibaki kuandama kwa mwezi wa mfungo sita, ambamo zile siku kumi za mwisho zinaangukia. Ukionekana Jumapili ya tarehe 24 Agosti, eda inamalizika tarehe 3. Usipoonekana, inasogea mpaka tarehe 4 na miadi inapita. Sisi tulikaa karibu na redio. Mama Mkubwa alibaki juu ya msala wake wa kusalia. Ilipotangazwa kuwa umeonekana, alituuliza tu kama pasi imekaa pamoja na cheti cha kifo.

Tarehe 3 magharibi wanawake walikuja wakamkosha na kumfukiza udi. Asubuhi yake alipanda boti ya kwanza na Mjomba. Huko ofisini Dar es Salaam, alipoulizwa kwa nini hakurudi kabla kadi haijaisha, aliweka kile cheti juu ya meza na kusema alikuwa nyumbani kwa mumewe.

Juzi Ijumaa pasi imerudi, na hati imebandikwa ndani. Inafaa kwa kuingia mara moja tu, kwa hiyo akifika muombeeni kadi mpya mapema, na tarehe ya mwisho uiandike wewe mahali unapopaona.

Ataondoka Alhamisi. Barua hii siipeleki posta. Naitia katika mkoba wake, kando ya pasi. Ukiwa unaisoma, basi yeye yupo hapo mbele yako. Mpe kiti, Dada, kwani mwenyewe hatasema kuwa amechoka.

Mama, Mjomba Hamad na Maalim Mwanakheri wanakusalimu sana, na mimi namsalimu Shemeji Jamil. Mwenyezi Mungu akuvushe salama, wewe na huyo anayekuja, na amlaze Baba Mkubwa pema.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye na kukuombea,
Sumaiya