Namtunza Baba Mdogo

Kiembeni, Mombasa

Kaka yangu Gona,

Shikamoo kaka. Waendeleaje huko, na wifi na watoto hawajambo? Sisi huku twashukuru Mungu, ila goti langu la kushoto limeanza ukorofi, na joto ndilo hilo unalolijua. Nimeamua kuandika kwa sababu haya siwezi kuyasema kwa simu na mwenyewe kakaa sebuleni anasikia.

Ndiyo, Baba Mdogo Mwarandu yuko kwangu. Najua utaruka. Cindy bintiye alinijia analia, akasema babake anasahau majina, anaingia nyumba za watu akidhani ni kwake, na kule kijijini wameshaanza kuzitazama mvi zake na kunong'ona kuwa ni mchawi. Akaniomba nimfiche huku kabla vijana hawajamfikia. Nikamwambia mlete, hata leo.

Mwaka ule wa msiba wa Baba wewe ulikuwa mbali kikazi, lakini mimi nilikuwapo. Baba naye aliingia nyumba ya jirani, akavua viatu, akaagiza chai. Tulicheka! Jumapili yake Baba Mdogo akasimama mbele ya ukoo akasema kakake hasahau kitu, anawanga. Ndugu wa tumbo moja, Gona! Na shamba la Baba alikuwa akilimezea mate siku nyingi. Vijana walipomfuata Baba kwenye mihogo na mapanga yao, aliwakaribisha, akiwaita kwa majina ya baba zao.

Basi namtunza. Nilimpeleka kliniki ya wazee, nesi Phoebe akanieleza kuwa huo ni ugonjwa wa ubongo, hakuna uchawi hapo. Akasema presha na sukari zisiachwe zikapanda, chumvi ipunguzwe, atembee asubuhi, asikae peke yake. Akasema pia watafiti wameona kwamba mzee asiyesikia vizuri yumo hatarini zaidi kupoteza kumbukumbu. Nikauza cherehani yangu, nikamnunulia kifaa cha sikioni. Majirani wanajionea, na mchungaji amenitaja kanisani, eti Kahaso ana moyo. Moyo ninao, haki ya Mungu.

Sasa sikia nisilomwambia mtu. Nesi alisema tumwonyeshe picha za zamani na kumsimulia ya kale, husaidia. Nikaitundika picha ya Baba mbele ya kiti chake. Kila asubuhi, akishamaliza uji na dawa, huniuliza yule ni nani. Nami huinama kwenye lile sikio nililouzia cherehani, nikamwambia ni kakake, ambaye yeye mwenyewe alimwita mchawi mpaka akauawa. Hulia, kaka, hulia kilio cha msiba, maana kwake ndiyo kwanza anapata habari. Ikifika adhuhuri kashasahau, anaitisha chai. Kesho yake twamzika Baba upya.

Usiniandikie habari za kusamehe, nitaichana barua. Alhamisi nilimkuta mbele ya picha analia, nami sijafungua kinywa. Nesi Phoebe alifurahi mno. Akasema mzee anaanza kukumbuka, na kwa matunzo haya ataishi miaka mingi. Nikamjibu inshallah.

Wabusu watoto, na wifi mwambie kanga zake nimeziweka. Baba Mdogo naye anakusalimu sana. Leo amejua wewe ni mtoto wa nani.

Ni mimi dadako,
Kahaso